UZI: Chuck Feeney aligawa dola bilioni 8 kimyakimya. Sadaka ya siri sawa, ila siasa ya siri je?

Mwandani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukizuka mjadala wa matajiri na misaada humu jukwaani, hukumu huwa ileile: anayetoa mbele ya kamera anatafuta sifa, anayetoa kimyakimya ndiye mtu wa kweli. Kesi imefungwa, tunahamia uzi mwingine. Leo naleta mtu aliyetoa kimyakimya kuliko wote ninaowafahamu, tuone kama hukumu hiyo inasimama. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto.

Jina lake Charles Feeney, maarufu Chuck. Alizaliwa 1931 mji wa Elizabeth, jimbo la New Jersey, Marekani ikiwa katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi. Asili ya familia ni Ireland. Baba alifanya kazi za bima, mama alikuwa nesi. Kuna kisa cha huyo mama ambacho kwangu ndicho roho ya habari yote. Jirani yao mmoja aliugua ugonjwa unaolegeza misuli, na alikuwa akijikongoja kwenda kituo cha basi. Mama Feeney akimwona anapita, anawasha gari, anamfuata, anamwambia apande kwa kuwa naye anaelekea huko huko. Hakuwa anaelekea popote. Alichotaka ni jirani asijione amesaidiwa.

Kijana akakua na akili ya biashara tangu utoto: kadi za Krismasi mlango kwa mlango, kupiga koleo theluji kwenye njia za watu. Akaingia jeshi la anga, akawa mwendesha mitambo ya redio, akapelekwa Japani wakati wa vita vya Korea. Alipotoka, serikali ikamlipia masomo kama ilivyowalipia askari wengine, akasoma uendeshaji wa hoteli Chuo Kikuu cha Cornell. Hapo usiku alikuwa anapita mabwenini kuuza sandwichi, mpaka akabatizwa jina la Bwana Sandwichi.

Utajiri ulianzia bandarini. Alikuwa anawauzia mabaharia wa jeshi la Marekani pombe isiyolipiwa ushuru kwenye bandari za Mediterania. 1960 yeye na Robert Miller wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Duty Free Shoppers, wakapata maduka Hong Kong na Honolulu. Mwaka 1964 Japani ikawaruhusu raia wake kusafiri nje kwa utalii, na Mjapani akisafiri harudi mikono mitupu, ana orodha ya zawadi za ofisi nzima. Wiski, manukato, mikoba. Wale jamaa walikuwa wameshajipanga mlangoni. Pesa ikaingia kwa kasi ya ajabu.

Sasa sikilizeni. 1982 Feeney anasajili wakfu Bermuda. 1984 anauhamishia hisa zake zote za kampuni, asilimia 38.75. Kuanzia siku hiyo yeye binafsi si bilionea tena, ila hakuna anayejua. 1988 jarida la Forbes linamweka kwenye orodha ya matajiri 400 wa Marekani kwa makadirio ya dola bilioni 1.3. Mtu hana hizo pesa, alishazitoa, na anakaa kimya miaka yote hiyo akihesabiwa tajiri.

Masharti ya wakfu yalikuwa makali. Hakuna jengo kuandikwa jina lake. Hakuna bango. Chuo kinapata mamilioni bila kuambiwa yametoka kwa nani, na kikianza kuchimba kinaonywa kwamba kikimtaja mtoaji bomba linafungwa. Yeye mwenyewe alipanda ndege siti za bei ya chini mpaka uzee, akavaa saa ya plastiki ya Casio ya dola 15 hivi, na nyaraka zake alibeba kwenye mfuko wa rambo. (Angekuja nazo huku Tanzania baada ya Juni 2019, mifuko hiyo ilipopigwa marufuku, tungemkamata pale uwanja wa ndege.) Hakuwa na gari wala nyumba. Watoto wake watano wakati wa likizo walifanya kazi za uhudumu na usafi wa hoteli kama watoto wa watu wengine.

Siri ilivunjika Januari 1997, na aliivunja mwenyewe. Kampuni ilikuwa inauzwa kwa LVMH, wauza bidhaa za anasa wa Ufaransa, Miller hakukubali, ikaonekana wanaelekea mahakamani na huko kila karatasi ingeanikwa. Feeney akaona bora aseme kabla hajasemewa, akalipigia simu gazeti la New York Times. Kwenye mauzo yale fungu lake, yaani fungu la wakfu, lilikuwa dola bilioni 1.6 na ushee.

Wakfu huo, Atlantic Philanthropies, ulitoa ruzuku ya mwisho 2016. Septemba 2020 akasaini karatasi za kuufunga kabisa: dola bilioni 8 zimekwisha. Yeye na mkewe walibakiwa na kama dola milioni 2 za uzeeni, wakiishi nyumba ya kupanga San Francisco. Alifariki Oktoba 2023 akiwa na miaka 92.

Mpaka hapa kila mtu anapiga makofi. Sehemu ya pili inakuja, ngojeni niweke simu chaji.

Kabwela88

Siti ya mbele, bisi mkononi. Ila mkuu, bilioni 8 halafu ubaki na milioni 2? Huyo alificha mahali. Matajiri nawajua.

Mama Salome

Mathayo 6: mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Huyu mzee aliisoma akaielewa. Wengine tunaisoma kila Jumapili, harambee ya kanisa ikifika tunasubiri mwenyekiti ataje jina kwenye kipaza sauti.

Fundi Cherehani

Mama Salome, hata kwetu ipo. Katika wale saba watakaokuwa kwenye kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyo na kivuli kingine, mmoja ni aliyetoa sadaka akaificha hata kushoto kusijue kilichotolewa na kulia. Halafu sandwichi usiku mabwenini, huyo ni mchuuzi mwenzetu kabisa.

Baharia Mstaafu

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umeruka jambo. Nimefanya kazi melini miaka mingi, hayo maduka nayajua vizuri. Biashara yenyewe ni ya kukwepa ushuru, halafu wakfu uko Bermuda. Bermuda watu hawaendi kuswali. Kwanza ukwepe kodi, halafu uwe mfadhili wa hospitali ambazo kodi ingejenga?

Mwandani (mleta uzi)

Kabwela88, kama alificha, basi alificha vibaya, maana walioandika habari zake walimfuata mpaka kwenye hicho chumba cha kupanga. Familia aliitengea fungu lake mapema, hilo sikatai, watoto hawakuachwa na njaa.

Baharia, umegonga penyewe. Ni kweli jamaa alikuwa bingwa wa kupangua kodi, na umiliki wa biashara uliwahi kuandikwa kwa jina la mke wa kwanza, Mfaransa, ili mkono wa kodi wa Marekani usifike. Lakini ongeza na upande wa pili: tajiri wa Kimarekani akitoa sadaka kwa mfuko uliosajiliwa nyumbani hupunguziwa kodi. Feeney kwa kupeleka mali Bermuda kimyakimya aliikosa hiyo nafuu. Bermuda ilimpa kitu kingine, siri. Na kuna cha pili ilichompa, hicho ndicho sehemu ya pili.

SEHEMU YA PILI

Pesa zilikwenda wapi? Kubwa zaidi elimu, kama dola bilioni 3.7, na karibu bilioni 1 ya hizo ni Cornell peke yake. Afya zaidi ya milioni 700, humo mna dola milioni 270 za kuinua afya ya umma Vietnam, nchi ambayo taifa lake liliipiga mabomu. Vyuo vikuu vya Ireland vilibadilika sura. Hapo hakuna ugomvi.

Sasa kuna fungu la tatu, dola milioni 870, la haki za binadamu na kubadilisha jamii. Afrika Kusini zilikwenda kwa mawakili wanaowatetea maskini mahakamani. Marekani, dola milioni 62 zilikwenda kwa harakati za kufuta adhabu ya kifo. Waliopigania vijana wasinyongwe kwa makosa waliyofanya wakiwa chini ya miaka 18 walishinda Mahakama ya Juu Machi 2005. Na dola milioni 76 zilikwenda kwa kampeni za mitaani za kuunga mkono sheria ya bima ya afya ya Obama, iliyosainiwa Machi 2010.

Hii haifanani na kumlipia mtu ada. Hapa unalipa watu wagonge milango, wapige simu kwa wabunge, wajaze kumbi, mpaka sheria ipite. Na sheria ya Marekani inaibana sana mifuko ya misaada isitumie hela kushawishi bunge. Atlantic haikubanwa hivyo. Kwa nini? Kwa sababu ilisajiliwa Bermuda! Karatasi ileile iliyomfichia sadaka ndiyo iliyompa mlango wa kuingia kwenye siasa ambao wenzake waliosajili nyumbani hawakuwa nao.

Kuna na Ireland ya Kaskazini. Novemba 1987 bomu la IRA, wapiganaji waliotaka eneo hilo litoke kwa Mwingereza liungane na Ireland, liliua watu 11 mjini Enniskillen kwenye ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Feeney, ambaye ukoo wake unatokea mkoa huohuo wa Fermanagh, aliliona kwenye televisheni na likamkaa. Baadaye akawa mmoja wa Wamarekani waliokwenda na kurudi kuwashawishi wapiganaji waache bunduki waingie kwenye siasa. IRA waliposimamisha mapigano 1994, akatoa mfukoni mwake, si kwenye wakfu, dola 20,000 kwa mwezi kwa miezi 36 ili Sinn Féin, chama cha siasa cha upande wa IRA, wawe na ofisi Washington. Mkataba wa amani ukasainiwa Aprili 1998.

Ukiniuliza mimi, zile dola 720,000 zilifanya kazi kubwa kuliko majengo mengi ya vyuo. Lakini kamuulize Mwingereza aliyezika ndugu yake kwa bomu la IRA kuhusu tajiri wa ng'ambo aliyekipangishia ofisi chama kilichokuwa pamoja na walioua. Atakupa jina lingine la msaada huo.

Msimamo wangu ni huu, mnipige mawe. Pesa ikimlisha mtu, siri ni yako na Mungu wako, nami sina haki ya kuuliza. Pesa ikienda kubadilisha sheria nitakayoishi chini yake, nina haki ya kujua imetoka kwa nani, hata kama sheria ni nzuri.

Nyuki Dume

Hapo nakukatalia mchana kweupe. Kufuta kitanzi ni haki. Bima ya afya ni haki. Haki haina haja ya kutaja mfadhili. Ungemdai risiti aliyewafadhili wapigania uhuru wetu?

Mama Salome

Mimi niko upande wa kutonyonga watu, ila swali la mleta uzi ni zito. Leo mtoaji ana maadili unayoyapenda. Kesho?

Mwandani (mleta uzi)

Mama Salome umenirahisishia kazi. Kesho yenyewe ilishafika.

Kuna mzee wa Chicago anaitwa Barre Seid. Alikuwa na kiwanda cha vifaa vya umeme, Tripp Lite, na picha zake ni za kutafuta kwa tochi. Alichukua hisa zote za kampuni akaupa mfuko unaoitwa Marble Freedom Trust, kisha 2021 kampuni ikauzwa kwa Eaton kwa dola bilioni 1.65. Mfuko ukabaki na takriban bilioni 1.6. Kwa kuwa hisa zilitolewa kabla ya mauzo, kodi ya faida haikumgusa, na kodi iliyokwepwa kihalali ilikadiriwa kufika dola milioni 400. Dunia ilikuja kujua Agosti 2022, waandishi walipopata nyaraka. Msimamizi wa mfuko ni Leonard Leo, mtu wa Federalist Society, jumuiya ya wanasheria wahafidhina, aliyemshauri Trump majaji gani wa kuwapeleka Mahakama ya Juu.

Linganisheni njia. Feeney alitoa hisa za kampuni kabla haijauzwa, kwa siri, kwenye mfuko unaoweza kuingia kwenye siasa. Seid alifanya vilevile. Tofauti ni mlengo. Feeney alisimama na wapinga kitanzi na watetezi wa wahamiaji, Seid na wahafidhina. Waliomwita Feeney mtakatifu ndio walioandika kwamba Seid amenunua demokrasia, na ngoma ikigeuzwa ni vivyo hivyo upande wa pili.

Mama Salome

Sasa hapa niseme ukweli wangu. Mimi Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta ile haki ya kutoa mimba, nilishukuru Mungu kwa magoti. Kwa hiyo kwangu huyo Seid ndiye aliyetoa kwa ajili ya maadili. Msinitukane, nimesema tu.

Nyuki Dume

Hakuna atakayekutukana mama. Ila umeona? Seid alinunua majaji.

Mwandani (mleta uzi)

Nyuki, taratibu. Majaji watatu wa Trump walishaapishwa kati ya 2017 na 2020, mauzo ya kiwanda yalikuja baadaye. Hiyo bilioni 1.6 ni ya vita vijavyo. Tusimlishe mtu dhambi isiyo yake kwa sababu hatumpendi.

Na Mama Salome, swali langu kwako ni hili: ungekubali usijue?

Mama Salome

Ningependa kujua. Ila nisingekataa matokeo.

Wa Kisauni

Niwasalimu kutoka Mombasa. Nyinyi mwazungumza Bermuda, sisi huku mambo yalikuwa hadharani na bado hatukuelewa. Mheshimiwa aingia kanisani Jumapili na gunia la noti, ahesabu mbele ya madhabahu, padri apiga makofi, kwaya yaimba. Kila mtu aona nani ametoa na kiasi gani. Asichokiona ni mshahara wa mheshimiwa ni shilingi ngapi na hizo milioni zatoka wapi. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alisema maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Kwa hiyo ndugu yangu Mwandani, kujua jina la mtoaji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua chungu alichochota.

Baharia Mstaafu

Wa Kisauni amemaliza. Hata huyo Seid na Feeney tunajua chungu: kiwanda na duka. Tatizo letu sisi ni chungu kisichojulikana.

Kabwela88

Mbona hamumtaji Mzee Mengi? Alikuwa anawaandalia walemavu chakula cha mchana kila mwaka Dar na ITV ilikuwa yake, ikirusha mwanzo mwisho. Kwa hesabu za Mathayo 6 huyo ameshapata thawabu yake?

Nesi wa Upanga

Kabwela, nakujibu kama mtu wa hospitali. Nina shangazi ambaye mwanawe alizaliwa na ulemavu wa miguu, na miaka ile mtoto wa hivyo alikuwa anafungiwa chumba cha uani mgeni akija. Shangazi aliona kwenye televisheni watu wenye baiskeli za miguu mitatu wamekaa meza moja na mawaziri, wanakula pilau, wanacheka. Mwaka uliofuata alimtoa mtoto nje. Ile kamera nyie mnayoiita ya kutafuta sifa ilifanya kazi ambayo bahasha ya siri isingeweza. Kuna sadaka ambayo nusu ya faida yake ni kuonekana.

Na kwa kuwa tumefika hospitali, nani humu anajua Sewahaji ni nani? Kila siku naulizwa Muhimbili, "Dada, Sewahaji ni jengo lipi?" Watu wanadhani ni neno tu, kama Kibasila na Mwaisela. Vijana wa mafunzo hawajui. Daktari mmoja aliniambia labda ni mganga wa zamani.

Mwandani (mleta uzi)

Nesi, ubarikiwe, hiyo ya mtoto kutolewa nje nimeisoma zaidi ya mara moja. Inanibana mimi niliyeanza uzi kwa kuwasema wanaohukumu kamera.

Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Kiismailia wa Bagamoyo, familia ya asili ya India iliyoanzia duka Unguja. Misafara iliyokuwa inakwenda bara ilipitia kwake: vitambaa, shanga, waya, wapagazi, vyote aliandaa yeye. Na kilichorudi pwani kilikuwa pembe za ndovu, tusijidanganye kuhusu chungu chenyewe. Miaka ya 1890 alitoa pesa ya kujenga hospitali Dar es Salaam, ikaitwa jina lake, na huko ndiko jina lilikotokea mpaka likafika kwenye wodi ya Muhimbili. 1896 akaikabidhi serikali ya Wajerumani nyumba yake ya ghorofa Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba iwe wazi kwa watoto wa rangi zote. Alifariki 1897, hajafika hata miaka 50.

Angalieni hilo sharti. Mjerumani wa wakati ule hakuwa na mpango wa kumkalisha mtoto wa Kihindi, wa Kiarabu na wa Kiswahili darasa moja. Sewa Haji alikuwa na nyumba ambayo serikali inaihitaji, akaitumia kusukuma anachokiamini. Hiyo tayari ni sadaka yenye msimamo, na ilifanywa Bagamoyo kabla babu yake Feeney hajajua kama atakuwa na mjukuu tajiri. Sharti liliandikwa, kila mtu alilijua, anayelipinga alijua amgombeze nani.

Fundi Cherehani

Kumbe! Nimelala Sewahaji na hernia nikamalizana nayo bila kumwombea mwenye jina hata fatiha moja.

Nyuki Dume

Sawa, mmenisogeza kidogo lakini sijafika mnakotaka. Hoja yangu imebaki moja. Kuna sehemu mtoaji akijulikana, anayesaidiwa anaumia. Chukua mawakili wanaowatetea waliokwisha hukumiwa kifo. Siku tajiri akitajwa, kesi inaacha kuwa ya mfungwa inakuwa ya tajiri. Magazeti yanaandika bilionea anatetea wauaji. Hapo siri inamlinda mnyonge, si tajiri.

Mwandani (mleta uzi)

Hiyo ni hoja, na ndiyo ngumu kuliko zote zilizoandikwa humu. Jibu langu ni kwamba kesi hiyo ilishajaribiwa. Kampeni nzito za Atlantic Marekani, bima ya afya na nyinginezo, zilifanyika baada ya 1997, siri imeshavunjika. Ruzuku zilitangazwa. Walioipinga sheria ya Obama walijua pesa ya nani imo, wakapiga kelele, sheria ikapita hivyohivyo. Waliopigania kufuta kitanzi kwa watoto walishinda kesi ya 2005 mfadhili akiwa anajulikana. Kwa hiyo kusema bila siri kazi isingefanyika, rekodi haikubali.

Ndiyo maana pia nikilazimishwa kumpanga mtu juu ya Seid nampanga Feeney, na si kwa sababu ya mlengo. Feeney alipoingia miguu yote miwili kwenye siasa za Washington alikuwa ameshavua kofia ya kujificha. Wa tatu wa kumweka hapo ni Yvon Chouinard wa Patagonia, wale wauza makoti ya kupandia milima. Septemba 2022 alitoa kampuni yote, thamani kama dola bilioni 3, karibu hisa zote kwa mfuko wa mazingira unaoruhusiwa kufanya siasa, na akaandika barua ya wazi siku hiyohiyo. Familia ililipa kodi ya zawadi kama dola milioni 17.5, ambayo kwa utajiri ule ni hela ya vocha, lakini jina, kiasi na nia vyote vilikuwa mezani. Usiyependa harakati za mazingira unajua pa kupeleka malalamiko.

Baharia Mstaafu

Milioni 17.5 hela ya vocha. Haya.

Wa Kisauni

Na ukaguzi je? Mwisho wa siku tajiri akisema nimetoa, nani athibitisha?

Mwandani (mleta uzi)

Kwa Feeney nyaraka zipo. Wakfu ulipofungwa kumbukumbu zake zilikwenda maktaba ya Cornell, na orodha ya ruzuku iliwekwa wazi. Mtu aliyeanza kwa kutishia kukata hela ukitaja jina lake, amemaliza kwa kuanika makaratasi.

Kabwela88

Swali la mwisho mkuu nikalale. Kwa hiyo bilioni 8 zote na hakuna hata choo kilichoandikwa jina lake?

Mwandani (mleta uzi)

Kuna barabara. 2021, alipotimiza miaka 90, Cornell waliipa barabara moja ya ndani ya chuo jina la Feeney Way. Inapita katikati ya chuo kilekile alikokuwa anazungusha sandwichi.

Kabwela88

Barabara sawa. Ila Mama Salome bado hajamjibu Nyuki Dume kuhusu wapigania uhuru, na mimi ningependa jibu kabla uzi haujafungwa.

Mama Salome

Kabwela nenda kalale. Wapigania uhuru walisaidiwa hadharani, Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na ofisi hapahapa Dar na kila Mreno alijua ilipo. Nyuki atafute mfano mwingine.

Nyuki Dume

Natafuta.